Vikapu Vyeupe kwa Lugha Tatu

Kila siku nilipotoka shule, kabla hata sijavua sare, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kugeuza vikapu jikoni. Niliichukia kazi hiyo kuliko kazi zote za nyumbani, hata kuliko kusafisha banda la nguruwe. Banda la nguruwe linanuka, lakini ukishanawa umemaliza. Moshi haunawiki.

Jiko letu lilikuwa Kitandililo, kata iliyo pembeni ya mji wa Makambako. Juu ya mafiga palikuwa na dari ya fito, na juu ya dari hiyo vilipangwa vikapu vya mianzi ambavyo mama na wenzake wa kikundi walivisuka. Kila kikapu kipya kilikaa pale siku ishirini na moja kikipigwa na moshi wa kuni za miti ya miwati. Asiyejua atauliza ni kwa nini. Mwanzi una utamu wake ndani, na wadudu waitwao bungua wanaupenda mno. Kikapu kisichofukizwa hutobolewa vitundu, humwaga unga chini, na baada ya miezi michache hukumegukia mikononi. Kilichofukizwa hugeuka kahawia kama chai ya rangi, na bungua hawakisogelei. Hivyo ndivyo bibi zetu walivyofanya tangu zamani.

Basi mimi nilipanda juu ya kigoda, nikageuza kikapu kimoja baada ya kingine ili moshi uingie kila upande. Masizi yalinidondokea shingoni. Macho yalinichuruzika. Nikipenga kamasi zinatoka nyeusi, nami naona kinyaa, natema mate mlangoni mara tatu.

"We Bertila, unatemea nini?" bibi aliniuliza kila siku. "Moshi ni dawa isiyomdhuru mtu."

Huyo ni Bibi Esteria, mama yake mama. Macho yake yalikuwa yamefifia na kusoma hakujua, lakini pua yake iliogopwa na kikundi kizima. Hakuna kikapu kilichoshushwa darini kabla yeye hajakinusa. Alikishika kwa mikono miwili, akaingiza uso ndani kama anayetaka kunywa maji, akagonga kitako chake kwa ukucha, kisha akasema "Bado" au "Kimeiva". Hata mama, Dafroza, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi, hakubishana na pua ile.

Shuleni rafiki yangu Lulu alinitania. "Leo umebanikwa vizuri, Bertila. Imebaki chumvi tu." Tulikuwa darasa la sita wote, na dawati letu lilikuwa moja. Nilicheka naye, lakini moyoni niliona aibu. Nilijiapiza kwamba siku moja nitafanya kazi safi, ya karatasi na kiti, nisinuke tena.

Kazi hiyo ilikuja upesi kuliko nilivyodhani, na ndiyo iliyonichafua kuliko masizi yote niliyowahi kuyapenga.

Baba yake Lulu, Mzee Mansoor, alikuwa mfanyabiashara aliyehamia kutoka Kondoa. Duka lake lilikuwa karibu na stendi. Siku hizo za soko huria kila mtu Makambako alikuwa anafungua kitu: huyu mitumba, yule simu za mkononi, mwingine soda za makopo kutoka nchi ambazo hatukuzijua. Mwaka huo wa 2004 Mzee Mansoor alileta kompyuta mbili zenye intaneti, akaziweka chumba cha nyuma. Kijana mmoja kutoka Iringa akamtengenezea duka la mtandaoni. Hilo ni duka lisilo na mlango wala kaunta. Picha za bidhaa zinakaa kwenye kompyuta, mtu aliye mbali anazitazama, anaagiza kwa barua pepe, na mzigo unatumwa kwa posta.

Bidhaa zilizowekwa humo zilikuwa vikapu vya kikundi cha mama. Mama alikaa na Mzee Mansoor nusu siku nzima wakiandika maelezo kwa Kiswahili. Vikapu vilikuwa vya aina mbili. Vya kahawia ni vile vilivyofukizwa, vya kuwekea ugali, mkate na matunda. Vyeupe havikupita darini kabisa. Vilisukwa haraka kwa ajili ya mkaa, viatu na miche ya miti, na kwa kuwa havikuwa na moshi wa kuwakinga, vilipakwa dawa ya unga ile ya kuhifadhia mahindi, tena si mara moja. Kila mama wa Njombe anajua kwamba kikapu cheupe hakiingii jikoni. Hata hivyo mama alisisitiza iandikwe: "Vikapu vyeupe vimetiwa dawa ya wadudu. Visiwekewe chakula."

Mzee Mansoor aliandika bila kubisha. Lakini wateja wa kwanza wote walikuwa wa Dar es Salaam na Mbeya. Wa ng'ambo waliingia, wakaona maneno wasiyoyaelewa, wakatoka.

"Duka lisilosema lugha ya mteja ni duka lililofungwa," akasema Mzee Mansoor. "Tuweke Kiingereza, na tuweke Kiitaliano. Waitaliano wanaijua Njombe yetu tangu enzi za mapadri wao wa misheni."

Kiingereza nilipewa mimi. Msidhani najisifu bure. Kila Jumamosi Sista Lukresia alitufundisha Kiingereza mimi, Lulu na wenzetu pale parokiani, nami ndiye niliyeongoza. Kiitaliano angekiandika Sista mwenyewe, kwa kuwa alisomea uuguzi Italia miaka minne.

Nilikaa kwenye kiti chenye magurudumu, kamusi pembeni, soda ya chungwa mbele yangu. Hakuna moshi! Lulu alisimama nyuma yangu akinionyesha herufi kwenye kibodi kwa sababu nilizitafuta kama anayetafuta chawa. Nilitafsiri maelezo ya vikapu vya kahawia vizuri. Kisha nikafika kwenye vyeupe. Wakati huo Lulu alikuwa ametumwa sokoni.

"Huo mstari wa dawa uruke," Mzee Mansoor akasema, akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa.

"Lakini mama alisema..."

"Mama yako alisema kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili upo, haujaondoka. Mgeni akiona neno dawa atakimbia. Halafu tazama picha. Vya moshi vinaonekana kama vimeokotwa jalalani. Vyeupe ndivyo vinavyopendeza. Andika hivi: vinafaa kwa mkate na matunda, havina rangi wala dawa."

Vidole vyangu vilisimama. Nilijua. Nataka mjue kwamba nilijua, maana nikisimulia kisa hiki watu hunihurumia na kusema, "Ulikuwa mtoto." Mtoto wa Kitandililo mwenye miaka kumi na miwili anajua kikapu cheupe ni nini.

"Andika, mwanangu," akasema kwa upole. "Wewe ndiye mtaalamu wetu."

Nikaandika. Na si hivyo tu. Nilipoisoma sentensi niliona imepooza, nikaongeza maneno ambayo hakuna aliyeniambia niyaongeze: kwamba vikapu vyetu vyeupe ni safi kama maziwa. Mzee Mansoor akapiga makofi. Nikamaliza soda yangu.

Siku iliyofuata nilipeleka karatasi kwa Sista Lukresia kwenye zahanati ya parokia, alikofanya kazi. Aliipokea, akaitazama juu na chini.

"Ya Kiswahili iko wapi? Ningependa kutafsiri kutoka kwenye maneno ya mama yako mwenyewe."

"Mzee Mansoor amesema tutumie hii ya Kiingereza, Sista. Ndiyo mpya."

"Na umeiandika wewe?"

"Ndiyo, Sista."

"Basi nina wasiwasi gani," akasema, akatabasamu, akachukua kalamu. Nilisimama pale nikimtazama akiandika kwa mwandiko wake mzuri. Uongo wangu ulikuwa unajifunza Kiitaliano, tena kwa mkono wa mtu asiyedanganya.

Baada ya wiki tatu duka la mtandaoni likapata oda kubwa kutoka Italia: vikapu vyeupe sitini. Mji mzima ulisikia, kwa sababu Mzee Mansoor hakuweza kunyamaza. Mama alishangaa. "Wazungu na mkaa wapi na wapi?" aliuliza. "Labda wanaweka viatu," nikajibu haraka, nikatoka nje kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Ijumaa moja, siku moja kabla mzigo haujapakiwa kwenye basi la Dar, ikaingia barua ndefu ya Kiitaliano. Mzee Mansoor akaichapa kwenye karatasi, akanituma kwa Sista ili aisome, asije akakosa sharti lolote la mteja.

Sista alivaa miwani, akaanza kunitafsiria kwa sauti, polepole, akifurahi kila mstari.

"Wanasema hivi. Sisi ni nyumba ya kulelea watoto wadogo, kuanzia mwaka mmoja hadi mitano. Kila mtoto atapata kikapu chake kidogo cha mkate mezani, na tutaandika jina lake juu yake." Sista akacheka. "Wapendwa! Sikiliza hapa. Wadogo wetu wanaota meno na wanauma kila wanachokishika. Kwa hiyo tulitafuta sana vikapu visivyo na dawa, na tulifurahi tuliposoma kwenye duka lenu kwamba vyenu ni safi kama maziwa."

Nilikimbilia nje. Nilifika kwenye mtaro tu, nikatapika uji wote wa shuleni.

Sista alinifuata na kikombe cha maji. Alifikiri ni homa, akanishika paji la uso. Mkono wake ulinishinda. Nilimwambia yote, mstari wa dawa ulioachwa, maneno ya Mzee Mansoor, na yale maziwa yangu.

Sista Lukresia alivua miwani, akatoa leso, akaifuta midomo yake kana kwamba amelishwa kitu kilichooza.

"Umenilisha uchafu, Bertila," akasema. "Nami nikautia sukari ya Kiitaliano nikawapelekea watoto wa watu. Mimi muuguzi!" Akaikunja leso. "Nenda kwa Mzee Mansoor sasa hivi. Mimi nampitia mama yako, tunakufuata. Na usiseme ulilazimishwa."

Nilikimbia mpaka dukani. Mzee Mansoor alikuwa stoo, nyuma ya duka, akifunga mafurushi kwa kamba ya katani. Sikuwahi kuingia humo. Vikapu vilikuwa vimepangwa mpaka kwenye bati, na harufu ya dawa ilinipiga usoni kali, tamu kidogo, ikakaa kwenye ulimi. Sakafuni kando ya ukuta mende walilala chali, wakavu. Panya mmoja alikuwa amekufa kwenye kona, mdomo wazi, na mkia wake ulikuwa mweupe kwa unga. Mzee Mansoor mwenyewe alikuwa amejifunga kitambaa puani. Alikipukuta kikapu kwa brashi, unga ukapaa, akakiweka kwenye furushi pamoja na vingine.

"Mzee Mansoor, hivi ni vya mikate ya watoto," nikasema nikihema. "Watoto wadogo. Wataviuma."

Alishusha kitambaa. "Barua inasema hivyo?"

"Ndiyo. Tusivitume."

Akaanza tena kupukuta. "Unga si ninautoa? Nikimaliza hapa hutauona hata kidogo. Halafu usitishike na dawa hii. Si ndiyo tunayoweka kwenye mahindi? Na ugali tunakula, tunanenepa."

"Mahindi tunayaacha miezi, tunayakoboa, tunayaosha..."

"Bertila! Oda ya vikapu sitini si mchezo. Mama yako na wenzake wameisubiri mwaka mzima. Nikiwaandikia hawa kwamba tumekosea, nani ataagiza tena Makambako? Na huko kwao wana wataalamu. Wakiona kina dawa wataosha."

"Wataonaje wakati tumewaambia hakina?"

Aliokota kikapu kingine. Na kabla sijasema neno lingine, mlango wa stoo ukasukumwa na Lulu akaingia.

"Baba, mama ameleta maandazi ya chai ya jioni. Bado ya moto. Karibu, Bertila!"

Alikuwa ameyabeba ndani ya kikapu cheupe. Mdomoni alikuwa na andazi nusu, na mashavu yamemvimba kwa kutafuna.

Sijawahi kumwona mtu mzima akiruka hivyo. Mzee Mansoor alivuka mafurushi mawili, akalipiga lile andazi likatoka mdomoni mwa mwanawe, akakipiga na kikapu. Maandazi yakatawanyika sakafuni kati ya mende. "Tema!" alipiga kelele. "Tema yote! Nani kakuambia uweke chakula humo? Nani?"

Lulu alitema, akaanza kulia kwa mshtuko. Hakuwa mtoto wa mianzi. Kwao Kondoa hawasuki vikapu vya namna hii, na hajawahi kuishi kwenye jiko lenye dari. Alijua kusoma tu.

"Si imeandikwa, baba?" akasema kwa kwikwi. "Kwenye duka letu. Vinafaa kwa mkate. Havina dawa. Nimesoma mwenyewe kwenye kompyuta, ule ukurasa wa Kiingereza."

Mzee Mansoor alibaki amesimama, mkono bado uko juu. Alimtazama Lulu, akamtazama yule panya wa kwenye kona, akaitazama brashi aliyokuwa ameishika. "Astaghfirullah," akasema chini chini. Akaketi juu ya furushi, uso ameuficha kwenye viganja vyake.

Mama na Sista Lukresia walitukuta hivyo. Sista alimchukua Lulu nje, akamwambia asukutue kwa maji mara nyingi, akamnawisha mikono kwa sabuni, akasema atakaa naye amwangalie. Namshukuru Mungu hakuumwa.

Mama alisimama katikati ya stoo, mikono kiunoni. Alikuwa ameambiwa kila kitu njiani.

"Mkuki kwa nguruwe, Mzee Mansoor," akasema. "Kwa mtoto wako umeona uchungu wake. Kwa wale wa Italia ulikuwa unafunga kamba."

"Nimekosa, Mama Bertila. Sina la kusema."

"Na wewe." Mama akanigeukia. Heri angenichapa. "Mimi nilikaa hapa nusu siku nikitafuta maneno ya kweli. Umeyachukua maneno yangu ukayatupa, ukaweka matapishi, ukaandika jina la kikundi changu juu yake. Nakuona kinyaa leo, mwanangu. Kesho nitakuwa mama yako tena, lakini leo nakuona kinyaa."

Nililia, na sikumlaumu. Nilijiona kinyaa mimi mwenyewe kuliko alivyoniona.

Tuliporudi nyumbani jioni Bibi Esteria aliambiwa. Hakufoka. Aliuliza jambo moja tu. "Kwa lugha hizo nyingine, nani aliyanusa maneno kabla hayajashuka?"

Hatukumwelewa.

"Kikapu hakishuki mpaka kinuswe," akasema. "Kwa nini neno lishuke bila kunuswa?"

Jumamosi basi la Dar liliondoka bila mzigo wetu. Sisi tulikuwa jikoni Kitandililo, watu sita: bibi, mama, Sista, Mzee Mansoor, Lulu na mimi. Mzee Mansoor aliinama kuingia mlangoni, akasalimia "Kamwene, bibi" kwa Kibena kibovu, kisha akakohoa moshi mpaka machozi yakamtoka. Lulu alimcheka. Mimi nilipewa karatasi.

Niliandika barua kwa Kiswahili kwanza. Nilisema kwamba vikapu vyeupe vina dawa ya wadudu, kwamba mwenye duka na mimi tulijua, na kwamba maneno ya safi kama maziwa niliyatunga mwenyewe. Nikaomba radhi, nikaeleza kwamba vya kahawia ndivyo vya chakula, ila hukaa kwenye moshi siku ishirini na moja. Mzee Mansoor aliweka jina lake chini ya langu bila kuambiwa. Nikaigeuza kwa Kiingereza, na Sista akaigeuza kwa Kiitaliano. Halafu ikaanza kazi ambayo bibi aliiagiza, na ambayo ilituchukua mchana mzima. Sista aliishika ile ya Kiitaliano peke yake, bila kutazama nyingine, akamsomea bibi kwa Kiswahili sentensi moja moja. Kisha Lulu akafanya vivyo hivyo na ile ya Kiingereza. Bibi alifumba macho akisikiliza.

"Hapo," bibi akamkatiza Lulu alipofika katikati. "Rudia hapo."

"Inasema, huenda vikapu vikawa na dawa kidogo," Lulu akarudia.

"Huenda? Kidogo?" Bibi akafumbua macho. "Bado. Lirudishe darini."

Niliona joto usoni. Kwa Kiswahili nilikuwa nimeandika vina dawa. Kwa Kiingereza, bila hata kukusudia, mkono wangu ulikuwa umetafuta mahali pa kujificha. Nikafuta, nikaandika upya.

Siku hiyo hiyo tuliituma barua, tukaondoa maelezo ya uongo kwenye duka la mtandaoni. Kila ukurasa, wa Kiswahili, wa Kiingereza na wa Kiitaliano, ulipita kwanza jikoni kwetu ukanuswa kwa njia ile ile. Mzee Mansoor aliagiza mstari wa dawa uwe wa kwanza, kwa herufi nyekundu.

Jibu la Italia lilikuja baada ya siku tisa. Halikuwa tamu lote. Walisema walikasirika, na mzazi mmoja alitaka waachane na sisi kabisa. Walikuwa wameshanunua vikapu thelathini mahali pengine. Lakini walisoma barua yetu mezani, wakaona kwamba aliyeandika vile hawezi kuwadanganya mara ya pili, na wangesubiri thelathini vya kahawia, hata kama vitachukua siku ishirini na moja.

Wanawake kumi wa kikundi walisuka wiki nzima. Vikapu vikagawanywa majiko yote, na dari yetu ikapata kumi na viwili. Vile vyeupe sitini viliuzwa sokoni kwa wauza mkaa, ambao hawahitaji kutafsiriwa. Nami nilipanda kigoda kila jioni, nikageuza, masizi yakinidondokea shingoni. Kamasi zangu zilikuwa nyeusi kama zamani, lakini nilizipenga bila kutema mate mlangoni. Nilikuwa nimeshaonja kitu kinachotia kinyaa kweli, na hakikuwa moshi.

Siku ya ishirini na moja bibi alinusa vikapu vyote kumi na viwili. Cha mwisho alikaa nacho muda mrefu, akakigonga, akanipa mimi.

"Kinuse wewe."

Niliingiza uso ndani. Harufu ilikuwa ya miwati, kavu, na nyuma yake utamu mdogo wa mwanzi. Niliogopa kukosea.

"Kimeiva, bibi."

"Umesema kwa kuwa unajua, au kwa kuwa unataka kushuka kwenye kigoda?"

"Najua, bibi."

Alitikisa kichwa, akaridhika, akanivuta niketi karibu naye kwenye mkeka.

"Jirani yetu hapa Kitandililo, hata ukimdanganya, ana macho yake na ana majirani wa kumwambia kwamba kikapu cheupe ni cha mkaa," akasema. "Mgeni wa mbali hana jirani. Ana maneno yako tu. Kwa hiyo, mjukuu wangu, lile usiloweza kumwambia jirani usoni, usimwambie mgeni kwa lugha yoyote. Ukizijua lugha kumi, uwe na ukweli mmoja."

Kisha akaniambia nichochee moto, kwa sababu kulikuwa na vikapu vingine vya kupandisha.